Namna ya Kupata Maana ya Maneno Adimu ya Kiingereza

Msomaji wa Kiswahili hukutana na maneno adimu ya Kiingereza mahali ambapo hawezi kuyaruka: katika mkataba wa kupanga nyumba, katika majibu ya hospitali, katika Biblia ya Kiingereza cha zamani, au katika riwaya ya karne ya 19 anayotakiwa kuifanyia mtihani. Kamusi ndogo mara nyingi haina neno linalotafutwa, au inalo lakini kwa maana nyingine kabisa, na hali hii ya pili ndiyo yenye hatari zaidi. Mwongozo huu unaeleza utaratibu wa kulifuatilia neno la namna hiyo mpaka maana yake ithibitike, ukianzia kwenye sentensi lilimo, ukipitia kwenye vipande vyake, na kufika kwenye kamusi yenye tarehe na mifano.

Kabla ya kufungua kamusi yoyote, nakili sentensi nzima yenye neno hilo, pamoja na inayoitangulia na inayoifuata, kisha jiulize maandishi hayo ni ya uwanja gani. Swali hili hupuuzwa sana, ilhali ndilo linaloamua mengi. Chukua mkataba wa pango ulioandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Humo utakuta "the demised premises", na anayelijua neno "demise" kwa maana ya kifo anaweza kudhani kwamba nyumba hiyo ni ya marehemu. Katika sheria ya ardhi, "demise" ni kupangisha, yaani kumpa mtu haki ya kukaa na kuitumia mali kwa muda maalumu. Maneno hayo, basi, yanataja tu nyumba iliyopangishwa. Mistari michache chini yake, kitenzi "determine", ambacho shuleni hufundishwa kuwa ni kuamua au kubainisha, hutumika kwa maana ya kuukomesha mkataba. "Quiet enjoyment" haihusu ukimya wala starehe: ni ahadi ya mwenye nyumba kwamba mpangaji atakaa bila kuingiliwa na yeye mwenyewe wala na mtu anayedai haki kupitia kwake. Na "distress", neno ambalo wengi hulijua kuwa ni dhiki au mfadhaiko, ni haki ya mwenye nyumba kukamata vyombo vya mpangaji aliyeshindwa kulipa kodi. Kenya ina sheria nzima yenye jina hilo, Distress for Rent Act, na dalali anayefika na lori kuchukua makochi hufanya kazi yake chini ya sheria hiyo. Mpangaji naye hufadhaika, bila shaka, lakini hilo halimo katika maana ya kisheria.

Nimeyatanguliza maneno haya manne kwa makusudi, kwa sababu watu wakisikia habari za maneno adimu huwazia maneno marefu yasiyotamkika. Neno refu lina faida moja, kwamba linakulazimisha ukiri kuwa hulijui. Neno fupi la kila siku lenye maana ya kale au ya kitaalamu halikupi onyo lolote. Kwa hiyo, neno unalolijua likikaa vibaya katika sentensi, usiipindishe sentensi ili ifuate maana uliyonayo. Lichukulie neno hilo kuwa geni, na ulitafute upya katika kamusi ya fani inayohusika, iwe ni ya sheria, ya tiba au ya ubaharia.

Hatua inayofuata ni kulivunja neno. Kazi hii si ngeni kwa msemaji wa Kiswahili, kwa kuwa lugha yake yenyewe hujenga maneno kwa kupachika vipande, na mtu anayeweza kuchambua "wasingetuandikia" bila kushika kalamu hana sababu ya kuliogopa neno refu la Kiingereza. Mfano mashuhuri ni "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis", neno la herufi 45 lililobuniwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenda mafumbo huko Marekani. Ukilikata unapata mapafu, kupita kiasi, kitu kisichoonekana kwa macho matupu, silika (madini yaliyomo katika mchanga na mawe), volkano, vumbi, na mwishoni kiambishi tamati kinachotaja hali ya ugonjwa: ni ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi laini mno la silika litokalo katika volkano. Madaktari hawalitumii, wao husema "silicosis", ugonjwa unaowapata wachimbaji wa migodi wanaovuta vumbi la mawe kwa miaka mingi. Neno jingine la aina hiyo ni "floccinaucinihilipilification", lenye herufi 29, ambalo mshairi William Shenstone alilitumia katika barua mwaka 1741. Limeunganishwa kwa maneno manne ya Kilatini yanayotaja vitu visivyo na thamani, likiwemo unyoya wa sufu na unywele, nalo lina maana ya kulihesabu jambo kuwa si kitu.

Vipande vingi vya namna hii vimetoka katika Kigiriki na Kilatini, na anayejifunza dazeni chache ataweza kuyakaribia maneno mengi sana. Jifunze kwanza vile vinavyofanana kwa sauti na kupingana kwa maana, kwa sababu hapo ndipo makosa huumiza. Katika karatasi ya hospitali, "hyperglycemia" ni sukari kupanda mno katika damu na "hypoglycemia" ni sukari kushuka mno, na tiba ya moja inaweza kumuua mwenye nyingine.

Wakati mwingine kuchimba asili ya neno hulipatia tafsiri nzuri kuliko iliyozoeleka. Kivumishi "avuncular" humwelezea mtu mzima mpole, mwenye mzaha kidogo, anayewachukulia wadogo kwa wema. Watu hukifafanua kwa kukihusisha na "uncle", ambalo kwa Kiswahili ni mjomba, baba mkubwa, baba mdogo au amu, kutegemea ukoo na mahali. Kilatini hakikuchanganya hayo: "avunculus" alikuwa kaka wa mama, mjomba halisi, na kaka wa baba aliitwa "patruus". Kwa hiyo anayeandika "mwenye upole wa kijomba" amekaribia asili ya neno kuliko Mwingereza anayelitumia. Lipo pia "materteral", adimu zaidi, litokanalo na "matertera", dada wa mama. Hilo ni la mama mkubwa na mama mdogo, wala si la shangazi, ambaye Warumi walimwita "amita".

Hata hivyo, vipande vya neno hueleza lilikotoka tu, na kuna maneno ambayo sura zake hudanganya waziwazi. "Enervate" linasikika kama kutia nguvu, nalo lina maana ya kuziondoa, kwa kuwa kiini chake cha Kilatini ni kukata kano. "Noisome" halihusiani na kelele. Ni ndugu wa "annoy", na husemwa juu ya kitu kinachonuka vibaya au kinachodhuru. "Meretricious" linafanana na "merit", yaani ustahiki, kumbe limetokana na jina la Kilatini la kahaba, na humaanisha kinachong'aa kwa nje bila thamani ndani. Anayelitumia kumsifu mgeni wa heshima atakuwa amemtukana. Lililoleta wasiwasi mkubwa kuliko yote ni "inflammable". Kiambishi awali chake si cha kukanusha, kwa hiyo neno lina maana ya kitu kinachowaka upesi, lakini wasomaji wengi walilielewa kinyume. Katika miaka ya 1920 chama cha Marekani kinachoshughulikia kinga ya moto kilihimiza litumike "flammable" badala yake, na ndilo linaloonekana leo kwenye malori na mapipa ya mafuta.

Kwa sababu ya udanganyifu huo, uamuzi wa mwisho ni wa kamusi, mradi uisome kwa namna inayostahili. Kwa maneno adimu, kamusi yenye uzito mkubwa kuliko zote ni ile ya Oxford, ambayo wazo lake lilianza katika jumuiya ya wanaisimu wa London mwaka 1857, sehemu yake ya kwanza ikachapishwa 1884, na kazi ikakamilika 1928. Toleo la pili, la mwaka 1989, lina majuzuu 20. Nguvu yake imo katika mifano: chini ya kila maana kuna sentensi zilizonukuliwa kutoka maandishi halisi, kila moja na mwaka wake, hata msomaji aweza kuona neno lilipozaliwa, lilipobadilika na lilipoachwa. Kuisoma mtandaoni kwa ukamilifu huhitaji malipo, lakini maktaba nyingi za vyuo vikuu zina usajili, na toleo la kwanza limo kwenye intaneti bila malipo.

Mpangilio wa maana unahitaji uangalifu. Kamusi za wanafunzi hutanguliza maana inayotumika zaidi. Kamusi ya Oxford niliyoitaja na ile ya Merriam-Webster hupanga maana kwa umri, ya kale ikitangulia, kwa hiyo anayenakili maana ya kwanza na kufunga kitabu anaweza kuondoka na maana iliyokufa zamani. Neno jepesi kama "nice" limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya asiyejua, na maana yake ya kwanza katika Kiingereza ilikuwa mjinga. Angalia pia alama: katika kamusi ya Oxford, alama ya kisu kidogo mbele ya neno au maana huonyesha kwamba halitumiki tena. Ikiwa kamusi yako imeandika "obsolete", neno limeachwa kabisa. Ikiwa imeandika "archaic", bado linasikika, lakini kwa makusudi ya kuleta ladha ya kale, kama katika sala, hotuba za sherehe au tamthilia.

Kwa maandishi ya kale ya dini, msomaji wetu ana msaada ambao Waingereza wengi hawana. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inamnukuu Yesu akisema "Suffer little children", na kijana wa London anayesoma leo anaweza kudhani kwamba watoto wanaambiwa wateseke. Mswahili akifungua Mathayo 19:14 katika Biblia yake anakuta "Waacheni watoto wadogo waje kwangu", na papo hapo anajua kwamba kitenzi hicho kilikuwa na maana ya kuruhusu. Katika Biblia hiyohiyo ya Kiingereza, "let" huweza kuwa na maana ya kuzuia, kinyume kabisa cha matumizi ya leo, na maana hiyo bado imo katika pasi za kusafiria za Uingereza, zinazoomba mwenye pasi apite "without let or hindrance". "Prevent" lilikuwa kutangulia, "quick" lilikuwa hai, na "meat" kilikuwa chakula chochote. Ziweke tafsiri mbili kando kwa kando. Ni mazoezi bora kuliko orodha yoyote ya msamiati.

Orodha zenyewe, hasa zile za "maneno mazuri usiyoyajua" zinazosambazwa kwenye simu, zipokee kwa tahadhari. Baadhi ya maneno yake yamebuniwa juzijuzi, kama "sonder", lililobuniwa mwaka 2012 kwa maana ya kutambua ghafla kwamba kila mpita njia ana maisha yenye mambo mengi kama yako. Si kosa neno kuwa jipya, mradi usiliweke kinywani mwa mhusika wa karne ya 19. Hata kamusi kubwa zimewahi kuteleza. Mwaka 1934 toleo la pili la kamusi kubwa ya Webster lilichapisha neno "dord", likidai kuwa ni istilahi ya fizikia yenye maana ya msongamano. Chanzo chake kilikuwa kikaratasi cha mwaka 1931 kilichoandikwa "D or d", yaani kifupisho cha "density" kwa herufi kubwa au ndogo, ambacho kilichanganywa na vikaratasi vya maneno kamili. Mhariri mmoja alitilia shaka mwaka 1939 alipoona kwamba neno hilo halina asili, nalo liliondolewa baadaye. Kigezo chake kinafaa hadi leo: neno lisilo na asili wala mfano wa matumizi kutoka maandishi halisi, usiliamini bado.

Maana ikishathibitika, liweke katika Kiswahili bila kulazimisha neno moja kwa neno moja. Kiingereza hupenda kufungia jambo zima katika nomino. Kiswahili mara nyingi hulisema vizuri zaidi kwa kitenzi. "Borborygmus" halihitaji istilahi mpya, kwani tumbo hunguruma na kila mtu anaelewa. "Petrichor", ambalo wanasayansi wa Australia Isabel Joy Bear na Richard Thomas walilitoa mwaka 1964, ni harufu ya ardhi kavu inyeshewapo mvua. Mara nyingine, ambacho ni adimu kwao kwetu ni cha kila siku. Mhubiri Nathaniel Ward aliandika mwaka 1647 juu ya mtindo wa mavazi "nudiustertian" wa kasri, na kivumishi hicho kizito ni "wa juzi" tu. "Overmorrow", lililoonekana katika Biblia ya Coverdale ya 1535 na kisha likasahauliwa, ni kesho kutwa.

Katika daftari lako andika neno, sentensi ulimolikuta, uwanja wake, mwaka wa mfano wa kwanza na alama ya matumizi, halafu maana kwa Kiswahili. Kwa "defenestration", kwa mfano, utaandika kwamba limetokana na neno la Kilatini la dirisha, kwamba katika historia linatajwa sana kwa tukio la Prague la mwaka 1618, ambapo maofisa walitupwa nje kupitia dirishani, na kwamba magazeti ya leo hulitumia kwa mzaha juu ya kiongozi aliyeondolewa ghafla madarakani. Maana zote mbili zistahili mstari wake, na ule wa mzaha uwekewe alama, ili siku utakapotafsiri habari ya waziri aliyefukuzwa usije ukamtupa dirishani.