Somo: Kasuku akikwaruza sauti au akivimba mguu

Kasuku wangu wa kijivu alikuwa akipiga mluzi kila alfajiri. Masika moja mluzi ukageuka mkwaruzo, nikadhani mafua. Siku nilipomtazama ametulia tu, mkia wake ulikuwa ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Ilikuwa aspajilosisi, fangasi ya njia ya hewa. Nilichelewa, na sitaki nanyi mchelewe.

1. Nusa chakula kabla ya kumimina. Alizeti na karanga hushika ukungu upesi msimu wa mvua. Ukitia mkono mfukoni ukazikuta zimegandana, au zinatoa vumbi na harufu ya chumba kilichofungwa, tupa mfuko mzima. Kupepeta hakusaidii: mbegu za kuvu hazionekani kwa macho, na kupepeta kwenyewe huzirusha hewani.

2. Chini ya tundu tandika gazeti, ubadilishe kila siku.

3. Mpe karoti, mchicha, viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Anayekula mbegu tupu hukosa vitamini A, utando wa pua na koo ukadhoofika, kuvu ikapata mlango. Parachichi usimpe kamwe, ni sumu kwake.

4. Mkague nyayo. Vijiti vya unene mmoja hukandamiza palepale kila siku: ngozi hung'aa, huwa nyekundu, kisha kidonda, na usaha unaweza kufika hadi kwenye kiungo. Mwekee matawi ya mpera, manene kwa membamba. Vivimbe vyeupe viungoni huenda ni jongo, yaani figo zimeshindwa kutoa asidi ya yuriki. Usivitumbue.

5. Mpime kwa mizani ya jikoni kila wiki, kabla hajala. Manyoya huficha kifua kilichokonda, gramu hazifichi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nina nistatini, dawa ya fangasi ya mtoto, nimpe?*
Hapana, ndugu yangu. Hiyo huua fangasi ya mdomoni na ya gole, mfuko wa chakula shingoni, tu. Haiingii damuni, kwa hiyo mapafuni haifiki. Na itrakonazoli, dawa nyingine ya fangasi ambayo ndege wengine huivumilia, kasuku wa kijivu inaweza kumdhuru vibaya. Mwachie daktari wa mifugo achague.

*Atawaambukiza wenzake?*
Aspajilosisi haitoki kwa ndege kwenda kwa ndege. Lakini kama wanakula mfuko mmoja, wote wako hatarini.

*Njiwa wangu kavimba kiungo cha bawa, haruki. Ni jongo?*
Kwa njiwa, dada, mimi ningeshuku salmonela, yaani maambukizi ya bakteria, kwanza. Mtenge leo hii, kinyesi kipelekwe maabara, na watoto wanawe mikono kila wakimgusa, maana hata sisi hutupata.