SOMO: Modemu ya USB imegoma kwenye Linux? Jua kwanza imekwama hatua gani

Habari za muda huu wakuu.

Wengi mmehamia Ubuntu au Mint kwenye laptopu za zamani, unachomeka ile modemu ya laini, kimya, hakuna kinachotokea, na ushauri wa kwanza unaopewa ni "rudi tu Windows". Mimi siukubali huo ushauri hata kidogo. Linux inazijua hizi modemu miaka mingi, tena inakuonyesha kila hatua inayopita, sasa ukizijua hizo hatua unaona mwenyewe pale ilipokwama na unarekebisha hapohapo tu, bila kufumua kila kitu.

Elewa kwanza inavyofanya kazi. Modemu ya 3G, pamoja na kwamba haina waya, bado "inapiga simu" vilevile kama modemu za simu ya mezani za miaka ya tisini. Kompyuta inaongea nayo kwa amri za AT (amri fupi za maandishi), inapiga namba *99#, ikipokelewa inaanza PPP (mazungumzo ya kukubaliana kuunganishwa), ndo unapewa anwani ya IP. Kwa hiyo mpangilio uko hivi: USB iione modemu, modemu ijigeuze, drava itoe poti, laini isomwe, mnara ukubali, simu ipigwe, PPP ianze, mwisho njia na DNS (inayogeuza majina ya saiti kuwa anwani za IP). Watu wanakimbilia kubadilisha APN (jina la mlango wa intaneti wa mtandao wako) wakati modemu yenyewe haijajigeuza hata! Usiguse setingi yoyote mpaka ujue hatua ya mwisho iliyojibu ni ipi.

HATUA YA 1: Kompyuta inaiona?

Chomeka modemu, fungua terminali, andika:

lsusb

Huawei zinaanza na 12d1, ZTE zinaanza na 19d2. Kama hakuna kabisa, badilisha tundu la USB na utoe ekstensheni kama umeweka. Hapa umeme unaangusha wengi, tundu la USB 2.0 kwa kawaida linatoa mA 500 na modemu iliyo mbali na mnara inavuta sana pale inapotuma data. Acha hii ikiwa wazi pembeni:

sudo dmesg -w

Ukiona "USB disconnect" inajirudia kila ukianza kuunganisha, achana na APN kabisa, hapo ni umeme au waya. Tafuta habu yenye adapta yake.

HATUA YA 2: Imejigeuza?

Hizi modemu zikichomekwa zinajitambulisha kama CD, maana ndani kuna programu ya Windows. Linux lazima iziambie zijigeuze ziwe modemu, na kazi hiyo inafanywa na usb_modeswitch. Mfano mzuri ni Huawei E173, kabla ya kujigeuza lsusb inaonyesha 12d1:1446, ikishajigeuza inakuwa 12d1:1436 (nyingine zinakuja 12d1:1001). Kama baada ya nusu dakika bado iko kwenye 1446, imekwama hapo.

sudo apt install usb-modeswitch usb-modeswitch-data

Chomoa, chomeka tena. Ikigoma ilazimishe:

sudo usb_modeswitch -v 12d1 -p 1446 -J

Namba weka zile za modemu yako, na hiyo -J ni ya Huawei, kwa ZTE usiitumie.

HATUA YA 3: Poti zimetoka?

ls /dev/ttyUSB*

Kawaida unapata ttyUSB0, ttyUSB1, ttyUSB2. Hazipo? Jaribu sudo modprobe option halafu uangalie tena. Zipo ila unaambiwa "Permission denied"? Jiweke kwenye kundi la dialout kisha utoke na kuingia upya (log out kabisa, sio kufunga terminali tu):

sudo usermod -aG dialout $USER

HATUA YA 4: Ongea na modemu yenyewe

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote na ndo wengi wanairuka, wakati majibu karibu yote yapo hapa. ModemManager, programu ya Linux inayosimamia modemu, huwa inazishikilia zile poti, kwa hiyo izime kwa muda halafu ingia na minicom, programu ya kuandikiana na modemu:

sudo systemctl stop ModemManager
minicom -D /dev/ttyUSB0

Andika AT, gonga Enter. Ikijibu OK, modemu ni nzima na inakusikia. Usipoona unachoandika, andika ATE1 Enter. Ikikaa kimya kabisa toka (Ctrl-A halafu X) ujaribu ttyUSB2. Kwenye poti moja utaona mistari inajiandika yenyewe, ^BOOT na ^RSSI:14 na kadhalika, usiogope, ni modemu inatoa taarifa zake.

Sasa iulize moja moja:

AT+CPIN?
Ikijibu READY laini iko sawa. Ikijibu SIM PIN laini ina namba ya siri, andika AT+CPIN="1234" kwa kuweka PIN yako, na uwe makini, ukikosea mara 3 inataka PUK. Mimi nashauri uitoe PIN kwa kutumia simu halafu urudishe laini kwenye modemu. Ikileta ERROR basi laini haijakaa vizuri, itoe, futa ile sehemu ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, rudisha.

AT+CSQ
Inaleta namba 0 mpaka 31. Chini ya 10 utapata tabu, 15 kwenda juu uko vizuri, 99 maana yake haijui lolote kuhusu mtandao. Tena hapa unaweza kutembea na laptopu hadi dirishani huku unarudia AT+CSQ, utaona namba inavyopanda. Kusogea hatua mbili tu kutoka kwenye ukuta wa zege kunabadilisha mambo.

AT+CREG?
0,1 umesajiliwa kwenye mtandao wako, 0,5 uko romingi, 0,2 bado inatafuta, 0,3 umekataliwa. Ukiona 0,3 usihangaike na Linux, laini imefungwa au haijasajiliwa, nenda kwa watu wa mtandao wako.

Kama 3G ni dhaifu sana hapo ulipo na modemu inarukaruka kati ya 2G na 3G, kwa Huawei hizi za zamani unaweza kuibana ibaki kwenye 2G:

AT^SYSCFG=13,1,3FFFFFFF,2,4

Kuibana kwenye 3G ni 14,2 badala ya 13,1, na kuirudisha ijichagulie yenyewe ni 2,2. Speed ya 2G ni ndogo ila imetulia, kwa kusoma barua pepe inatosha.

HATUA YA 5: Piga

Kwa matumizi ya kila siku tumia NetworkManager, yaani ile alama ya mtandao pale juu. Ila kwa kutafuta tatizo natumia wvdial, programu ya kupiga kwenye terminali, kwa sababu inaandika kila kitu. Faili ni /etc/wvdial.conf:

[Dialer Defaults]
Modem = /dev/ttyUSB0
Baud = 460800
Init1 = ATZ
Init2 = AT+CGDCONT=1,"IP","internet"
Phone = *99#
Username = x
Password = x
Stupid Mode = 1

Hapo kwenye "internet" unaweka APN ya mtandao wako. Kwa mfano laini ya Vodacom Tanzania ni internet, Safaricom ni safaricom na username yake saf, password data. Ule mstari wa Stupid Mode usiuache, unaiambia wvdial ianze PPP palepale bila kusubiri kuulizwa jina. Na tafadhali, ukikopi hii kutoka WhatsApp angalia alama za nukuu, zikiwa zimepinda modemu inarudisha ERROR kwenye Init2 na unaweza kukesha hujui kwanini. Zifute uziandike upya kwa kibodi.

sudo wvdial

Ukiona CONNECT simu imepokelewa. Ukiona NO CARRIER rudi hatua ya 4, hasa CREG, halafu angalia APN. Ukiona "Device or resource busy" umesahau kuzima ModemManager.

HATUA YA 6: PPP

Baada ya CONNECT inatakiwa ije "local IP address". Chini yake huwa kuna "remote IP address 10.64.64.64" na watu wanaishangaa sana, hiyo ni pppd (programu inayoendesha PPP) imejiwekea yenyewe baada ya upande wa pili kutotaja anwani yake, haina shida yoyote. Ikifa, soma namba ya mwisho: exit code 16 ni simu imekatwa, 19 ni username na password zimekataliwa, 10 ni mazungumzo ya PPP hayakufika mwisho.

HATUA YA 7: Imeunganishwa lakini kurasa hazifunguki

ping -c 3 8.8.8.8
ping -c 3 wikipedia.org

Ya kwanza ikigoma angalia ip route, mara nyingi default bado inaelekea kwenye wifi au waya, zima hizo. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikigoma, tatizo ni DNS. Rudi kwenye maandishi ya wvdial uangalie "primary DNS address". Ukikuta 10.11.12.13, hiyo ni anwani ya uongo, inatokea modemu ikijibu kabla mtandao haujampa DNS za kweli. Kata, subiri kidogo, piga tena.

Ukimaliza washa ModemManager, halafu tengeneza ya kudumu:

sudo systemctl start ModemManager
nmcli connection add type gsm ifname '*' con-name modemu apn internet
nmcli connection up modemu

Karibuni kwa maswali.

MASWALI YA WADAU

Mdau (Kisumu): Niaje mkubwa, asante kwa somo. Yangu inafika CONNECT alafu inaniambia modem hung up the phone, exit code 16. Niko na line ya Safaricom na nimeweka hiyo internet kwa APN kama ulivyoandika.

Jibu: Hiyo internet ni mfano wa laini nyingine ndugu yangu. Weka safaricom pale kwenye Init2, username saf, password data. Ikiendelea kukata, angalia kama line iko na data bundles, maana isipokuwa nazo inaweza kukata vivyo hivyo.

Mdau (Dodoma): Mkuu mimi nina Huawei E3372, hatua ya 3 haitoi ttyUSB yoyote, nimefanya modprobe, nimerudia usb_modeswitch, wapi. Lakini kuna kitu kinaandika 12d1:14dc.

Jibu: Hapo hamna tatizo mkuu, hiyo ni HiLink. Inakuja kama kadi ya mtandao, yenyewe ndo inapiga simu ndani kwa ndani, wewe hupigi chochote. Fungua brauza nenda 192.168.8.1, APN na PIN unaziweka hukohuko. Ungekuta 12d1:1f01 ndo ningesema haijajigeuza.

Mdau (Mbeya): Shikamoo mwalimu. Ping zote mbili zinajibu ila Firefox kila saiti inaleta onyo la usalama, hata Google. Laptopu ni ya zamani sana, nimepewa na baba mdogo.

Jibu: Marahaba. Andika date kwenye terminali. Nina uhakika mkubwa mwaka utakuwa wa zamani, betri ndogo ya ubao mama ikifa saa inarudi nyuma na cheti za saiti zote zinaonekana hazijaanza kutumika. Weka saa sahihi kwa sudo date -s "mwaka-mwezi-siku saa:dakika", mtandao ukishakuwepo itaendelea kujirekebisha yenyewe. Betri ni CR2032 kwa mashine nyingi, fundi yeyote anayo.

Mdau (Mwanza): Kila kitu kimekubali kaka, tatizo bando! Nimeweka GB 1 asubuhi, mchana hamna kitu na sijaangalia hata video moja.

Jibu: Ni apdeti zinajishusha zenyewe. Iambie kwamba hii ni mtandao wa kulipia:
nmcli connection modify modemu connection.metered yes
sudo snap set system refresh.metered=hold
Kisha ingia Software & Updates, uzime kudaunlodi kwa moja kwa moja. Ila usiache kabisa kufanya apdeti, zifanye ukiwa kwenye wifi ya kazini au chuoni.

Mdau (Morogoro): Laini ya mtandao A inafanya kazi, nikiweka ya mtandao B kimya. Modemu nilinunua kwa ofa ya A.

Jibu: Imefungwa kwa A. Ingia minicom uulize AT^CARDLOCK? Ikijibu inaanza na 1 imefungwa, ikianza na 2 iko huru. Namba inayofuata, mara nyingi 10, ni mara zilizobaki za kuweka kodi (code, namba ya siri) ya kuifungua. Usibahatishe kodi za mtandaoni hizo, zikiisha umeipoteza, omba kwa waliokuuzia.

Mdau (Tanga): Mimi niko na ile ya zamani kabisa ya simu ya mezani, ofisini tunaitumia kwa faksi, inasema NO DIALTONE na simu nikiinua mlio upo.

Jibu: Kama ni ya nje inayotumia poti ya COM, kwenye Linux COM1 ni /dev/ttyS0. Mlio wa ofisi zenye switchboard huwa tofauti kidogo na modemu haiutambui, ongeza ATX3 kwenye Init, inaacha kuusubiri mlio na inapiga tu. Kama kupata laini ya nje mnabonyeza 9, andika 9 na koma kabla ya namba. Kama ni kadi ya ndani, winmodem, kazi zake nyingi zilifanywa na drava ya Windows, sikushauri upoteze wiki nayo, tafuta ya nje.

Mdau (Arusha): Yangu inakubali asubuhi, ikifika jioni inakata kila baada ya dakika chache. Nimebadilisha APN, nimeweka Ubuntu upya, bado.

Jibu: APN isingekubali asubuhi halafu ikatae jioni, irudishe ilivyokuwa. Leo jioni ikikata tu, kabla hujachomoa, chukua AT+CSQ, AT+CREG? na mistari ishirini ya mwisho ya dmesg, ubandike hapa. Kukiwa na USB disconnect tunashughulikia umeme, CSQ ikiwa imeshuka tunatafuta sehemu nyingine ya kukaa, na kama vyote viko sawa basi mnara umeelemewa na watu wa jioni, tutajaribu kuibana kwenye 2G tuone.