Kuchagua chachu za kombucha: joto la mwili kwanza

Mimi ni mtu wa maabara hapa Tabora, na ninatafuta kwenye kombucha (chai iliyochachushwa) chachu hai zinazoweza kufaa tumboni mwa mtu, yaani probiotiki. Kombucha ninayoichunguza imechachushwa kwa asali ya miombo badala ya sukari. Asali huja na chachu zake zinazostahimili utamu mkali, kwa hiyo usishangae ukikuta chachu za aina nyingi kwenye chupa moja.

Usichukue maji ya juu peke yake. Zile nyuzi za kahawia zinazoning'inia chini ya utando ndizo zimejaa chachu. Kata kipande, kisage ndani ya kombucha yenyewe. Zimua mara kumi kumi, kisha panda kwenye agari ya YPD, chakula kigumu cha kuoteshea chachu (dondoo ya hamira asilimia 1, peptoni 2, glukosi 2, agari 2) yenye kloramfenikoli, antibiotiki ya kuzuia bakteria. Iache kwenye nyuzi 28 kwa siku 2 hadi 3. Koloni zenye sura tofauti zipande upya hadi kila sahani ibaki na aina moja.

Sasa weka zote kwenye nyuzi 37. Isiyoota hapo haina kazi tumboni mwa mtu. Itupe, umeokoa vitendanishi.

Usalama unafuata, na hapa sina haraka. Chota koloni kidogo, koroga kwenye nusu mililita ya seramu (majimaji ya damu yasiyo na seli), weka nyuzi 37 kwa saa 2 hadi 3, kisha tazama tone kwa hadubini. Ukiona mrija umechomoza kwenye seli bila kubanwa shingoni, shuku Candida albicans, chachu inayoweza kuleta maradhi, na uiondoe. Usipouona, bado hujamaliza: zipo Candida zisizotoa mrija, ndiyo maana zilizofaulu lazima zisomwe vinasaba eneo la ITS, kipande cha DNA kinachotambulisha spishi ya kuvu.

Kisha asidi, pH 2.5 kwa saa 3, na chumvi za nyongo asilimia 0.3 kwa saa 4. Hesabu koloni kabla na baada. Kombucha yenyewe iko karibu na pH 3, chachu zake zimeshazoea asidi, kwa hiyo mimi hutazama zaidi nyongo.

Pembeni, kwa kulinganisha, pima hamira ya mkate na Saccharomyces boulardii, ile chachu ya Henri Boulard inayouzwa famasi kwa vidonge. Aina yako ikishindwa hata na hamira, huna sababu ya kuipeleka mbele. Iliyobaki ihifadhi kwenye gliseroli, nyuzi 80 chini ya sifuri, ukiandika chupa iliyotoka na tarehe.