Jinsi ya kumpendekeza mfanyakazi au mtafiti wa shule ya famasia kwa tuzo ya chuo kikuu nchini Uganda

Mwongozo huu ni kwa wakuu wa idara, wahadhiri, mafundi sanifu wa maabara na wafamasia wa hospitali za kufundishia wanaotaka kazi ya mwenzao itambuliwe rasmi, au wanaotaka kuwasilisha majina yao wenyewe pale ambapo kanuni zinaruhusu. Famasia inafundishwa katika vyuo vikuu kadhaa nchini, vikiwemo Makerere pale Mulago, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, na Kampala International University katika kampasi yake ya Ishaka. Kila chuo kina fomu zake na tarehe zake, lakini swali ambalo kamati ya tuzo hujiuliza ni lile lile popote: mtu huyu alifanya nini hasa, na ushahidi uko wapi?

Hatua ya kwanza ni kusoma tangazo lote, kuanzia kichwa hadi masharti ya mwisho, na kuandika pembeni mambo matatu: kundi la tuzo, kipindi cha kazi kinachohesabiwa, na nani anaruhusiwa kupendekeza. Makala iliyochapishwa nje ya kipindi hicho haihesabiwi, hata iwe bora kiasi gani. Chagua kundi moja linalolingana na kazi yenyewe, iwe ni ufundishaji, utafiti, ubunifu, huduma kwa jamii au kazi ya ufundi na utawala. Ningependa wakuu wa idara walitazame kwa makini kundi hilo la mwisho, kwa kuwa utafiti wa dawa hausimami bila watu wanaotunza mashine, kemikali na kumbukumbu, na watu hao ndio ambao majina yao huonekana kwa nadra mwanzoni mwa makala.

Hatua ya pili ni ridhaa. Mwombe mhusika kwa maandishi akubali kupendekezwa, na akubali wasifu wake, picha yake na taarifa zake za ajira zipelekwe kwa kamati. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamhusu yeye kama inavyomhusu mwananchi mwingine yeyote.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, ni kukusanya ushahidi. Kwa mtafiti, anza na orodha ya machapisho ikiwa na kiungo cha kudumu cha DOI kwa kila makala, pamoja na namba yake ya ORCID yenye tarakimu 16, ambayo huzuia kazi zake zisichanganywe na za mtu mwingine mwenye jina kama lake. Baada ya hapo eleza mchango wake katika kila kazi. Makala za famasia mara nyingi huandikwa na watu wengi, na kamati haiwezi kujua kutoka kwenye orodha ya majina nani alibuni utafiti, nani alifanya vipimo na nani alichambua takwimu. Mfumo wa CRediT, unaogawa michango ya waandishi katika majukumu 14, unasaidia sana hapa. Usitegemee umaarufu wa jarida peke yake. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 linataka utafiti upimwe kwa ubora wake wenyewe, si kwa alama za jarida lililouchapisha.

Ambatanisha pia vibali. Utafiti uliohusisha binadamu uwe na barua ya kamati ya maadili ya utafiti na namba ya usajili ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Ikiwa ni majaribio ya dawa kwa wagonjwa au watu wa kujitolea, pawe na idhini ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Jalada lisilo na vibali hivi linaiweka kamati mahali pagumu, kwa sababu chuo hakiwezi kusifia hadharani kazi ambayo uhalali wake haujathibitishwa.

Katika bidhaa za mitishamba, uangalifu uongezeke maradufu. Mnamo Juni 2021 NDA iliruhusu Covidex, iliyobuniwa na Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Mbarara, itumike kama tiba saidizi katika maambukizi ya virusi; haikuiidhinisha kuwa dawa ya kuponya COVID-19. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa mfamasia. Anayeandika pendekezo kuhusu bidhaa ya aina hiyo anakili maneno ya kibali kama yalivyo, bila kuyaongezea chumvi, na anasema wazi ni hatua gani ya uchunguzi imekamilika na ipi bado. Kama kuna hataza, yaani hati ya kisheria inayolinda uvumbuzi, weka namba yake. Kama kuna ombi la hataza tu, andika kwamba ni ombi.

Hatua ya nne ni kuandika maelezo ya pendekezo ndani ya idadi ya maneno iliyowekwa. Hapa ndipo sifa tupu hujitokeza. Sentensi kama "ni mchapakazi na anapendwa na wote" haiipi kamati chochote cha kupima. Linganisha na hii, inayomhusu fundi sanifu: "Kwa miaka mitatu alisimamia mashine ya kromatografia ambayo wanafunzi wa uzamili huitumia kupima kiasi cha dawa ndani ya vidonge, daftari lake linaonyesha kila siku mashine ilipohakikiwa, nani aliitumia, na hitilafu zilizogunduliwa kabla ya matokeo kuandikwa." Nakala ya ukurasa mmoja wa daftari hilo, wenye tarehe na saini, ina uzito kuliko aya nzima ya pongezi. Kwa mhadhiri, tumia tathmini za wanafunzi na mtaala alioupitia upya. Kwa mfamasia wa wodini, tumia ripoti za madhara ya dawa alizowasilisha NDA, baada ya kuondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mgonjwa.

Barua za wadhamini ziombwe mapema, na angalau moja itoke nje ya idara. Mpe kila mdhamini nakala ya maelezo yako ili barua yake isirudie yaliyokwisha kusemwa, bali ishuhudie alichokiona yeye mwenyewe. Kisha peleka jalada kwa mkuu wa shule kwa saini, liskaniwe kuwa faili moja la PDF, na udai uthibitisho wa kupokelewa. Ikiwa wewe au mdhamini yeyote ni mjumbe wa kamati, tangaza uhusiano huo kwa maandishi kabla ya kikao.

Matokeo yakitoka, hakiki tahajia ya jina na cheo kabla ya cheti kuchapishwa, na hakikisha nakala inaingia kwenye jalada la ajira katika ofisi ya rasilimali watu, kwa kuwa mhusika ataihitaji atakapoomba kupandishwa cheo. Pendekezo likikataliwa, omba sababu kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa, kisha lihifadhi jalada pamoja na maoni hayo ili liboreshwe kwa duru ijayo, ikiwa kipindi kinachohesabiwa bado kinaihusu kazi hiyo.