Jinsi ya kuiombea shule ya kata madarasa na mkondo wa amali kabla ya Januari 2028

Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea watoto wa miaka miwili kwa mpigo. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024, mtaala mpya ulipoanza, watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027. Waliowatangulia watamaliza la saba mwaka huohuo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan hapa Dodoma Februari 2025, inaweka elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtoto yeyote anayemaliza msingi katani kwenu ni wenu.

Mwongozo huu ni wa wakuu wa shule, wajumbe wa bodi na wazazi wa sekondari za kata, kuanzia Bahi hadi Mpwapwa, Kongwa hadi Chemba. Shule nyingi huandika maombi pale watoto wanapokuwa wameshafika getini. Wakati huo bajeti imeshapita.

Anzeni na hesabu

Nendeni kwenye kila shule ya msingi inayowaletea wanafunzi. Chukueni idadi ya walioko darasa la tano na la sita mwaka 2026, wavulana na wasichana kila mmoja peke yake, na kila mwalimu mkuu agonge muhuri kwenye takwimu zake. Hao ndio watakaoingia pamoja.

Tuchukue mfano wa kata yenye watoto 180 darasa la tano na 160 la sita. Jumla ni 340. Kwa kiwango cha wanafunzi 40 kwa darasa, mnahitaji vyumba 9. Kidato cha nne kitakachomaliza mwishoni mwa 2027 kitaacha vyumba vyake. Vikiwa vitatu, pungufu ni vyumba sita. Andikeni sita. Mkiandika tisa, mtu wa kwanza wa halmashauri atakayefika shuleni ataliona kosa hilo, na hata hesabu zenu za kweli zitaanza kutiliwa shaka.

Vyoo visisahauliwe. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kwenye mfano wetu, wasichana wakiwa 176 na wavulana 164, ni matundu 9 na 7. Ongezeni na maji. Mkoa wetu hupata mvua miezi michache tu, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo kila jengo jipya liombewe mifereji ya bati na tenki palepale kwenye makadirio. Binti aliye kwenye hedhi na choo kisicho na maji hubaki nyumbani, na hasara hiyo haionekani kwenye hesabu ya madarasa.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila bodi ilizungumze kwa kina. Wimbi hili lina mwisho. Januari 2029 litaingia kundi moja tu, na hawa wa 2028 watamaliza kidato cha nne mwaka 2031. Vyumba mtakavyojenga vitabaki. Basi chagueni tangu sasa ni vipi vitakuja kuwa karakana, maktaba au maabara, na mchoro uzingatie hilo: milango mipana, sakafu ngumu, njia ya umeme. Mpango unaoonyesha 2032 una uzito kuliko ule unaolilia Januari pekee.

Kikao na muhtasari

Bodi ya shule ikae kwanza, kisha mkutano wa wazazi, kisha suala lipelekwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Kila kikao kiwe na muhtasari uliosainiwa na orodha ya mahudhurio. Kama wananchi wako tayari kusomba mchanga, mawe na maji, liandikwe hilo, pamoja na vitongoji vilivyoahidi. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango; elimu hii haina ada, na nguvu za wananchi zisimamiwe na serikali ya kijiji au mtaa.

Hapohapo malizeni suala la ardhi. Shule isiyo na mipaka iliyopimwa hupata shida, hasa ndani ya Jiji ambako viwanja vimepanda thamani. Ambatanisheni uthibitisho wa umiliki wa eneo.

Barua

Iwe ya ukurasa mmoja, takwimu ziwe kiambatisho. Mfano:

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya …
K.K. Mtendaji wa Kata ya …

YAH: MAOMBI YA VYUMBA 6 VYA MADARASA NA MATUNDU 16 YA VYOO KWA AJILI YA KIDATO CHA KWANZA 2028

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shule inatarajia kupokea wanafunzi 340 Januari 2028 (takwimu za shule za msingi zimeambatishwa). Vyumba vitakavyokuwa wazi ni 3…

Nakala zipelekwe kwa Afisa Elimu Sekondari, Afisa Elimu Kata na diwani. Pelekeni kwa mkono masjala, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Muda ndio unaoangusha wengi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Bajeti ya 2027/28 itaanza kuandaliwa miezi ya mwisho ya 2026, kwa hiyo barua iwe masjala kabla ya Oktoba 2026. Mahitaji hayohayo yaingizwe kwenye mpango wa shule ndani ya PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri. Barua isiyo na mstari kwenye PlanRep haina fedha. Ukomo wa bajeti ukiwa mdogo, gawanyeni kwa awamu: vyoo na vyumba vitatu kwanza. Mfuko wa Jimbo nao unaweza kumalizia maboma yaliyokwisha kuinuliwa na wananchi.

Mkondo wa amali

Haya ni maombi ya pekee, msiyachanganye na yale ya madarasa. Sekondari sasa ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na stadi za kazi, na kibali cha kuongeza mkondo hupitia kwa Mkurugenzi hadi kwa Kamishna wa Elimu, baada ya wathibiti ubora wa shule kukagua. Upande wa ufundi, NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, ndiyo yenye viwango vya karakana na vifaa.

Chagueni fani kwa kutazama mnachokizunguka. Shule iliyo karibu na soko la mahindi la Kibaigwa ina sababu nzuri ya kufikiria kilimo na usindikaji. Hombolo wana zabibu. Mpwapwa wana taasisi ya utafiti wa mifugo jirani yao. Jijini, ambako ujenzi hausimami, uashi na umeme vina pa kujifunzia. Msiombe fani kwa kuwa shule jirani imeiomba.

Wathibiti watauliza mambo matatu: mwalimu wa fani yuko wapi, karakana iko wapi, na malighafi ya mazoezi italipwa na nani. Kama mwalimu hamna, ombeni mwalimu mwaka huu na mkondo mwaka unaofuata. Mkondo usio na mwalimu huwaibia watoto miaka minne.

Baada ya kuwasilisha

Fuatilieni kabla Baraza la Madiwani halijapitisha bajeti. Diwani wenu aende na ukurasa ule mmoja mkononi. Fedha zikiingia kwenye akaunti ya shule, bandikeni kiasi kwenye ubao wa matangazo, undeni kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, na manunuzi yapite NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao. Januari 2027 rudini shule za msingi mkahesabu upya, kwa sababu Dodoma watu wanahamia kila mwezi, kisha pelekeni takwimu mpya kwa kumbukumbu namba ya barua ya kwanza.