Namna ya Kuelekeza Michango ya Wahitimu Ili Ivutie Wahadhiri na Wanafunzi Bora

Mhadhiri mahiri anayegombewa na vyuo viwili hapimi mshahara peke yake. Huuliza pia nani atagharimia vifaa vya maabara na wasaidizi wake wa utafiti, na fedha hizo zitadumu miaka mingapi. Kwa kuwa ada na ruzuku mara nyingi humalizikia kwenye mishahara na matengenezo, jibu zuri hutegemea sana wahitimu. Basi kabla ya kuchangia, iulize ofisi ya wahitimu ni watu gani waliokataa nafasi chuoni mwaka uliopita, na kwa sababu gani.

Kwa wahadhiri, njia iliyokwisha kujaribiwa ni kigoda cha uprofesa, yaani nafasi ya kudumu ya profesa, chenye mfuko wa wakfu: mtaji huwekezwa, na kila mwaka hutumika sehemu ndogo tu, kwa kawaida asilimia 4 hadi 5, kiasi kwamba mfuko wa milioni 10 hutoa 400,000 hadi 500,000 bila kuisha. Kigoda cha hisabati kilichoanzishwa Cambridge mwaka 1663 kwa wasia wa Henry Lucas, aliyewahi kukiwakilisha chuo hicho bungeni, kilikaliwa na mwanasayansi Isaac Newton kuanzia 1669, na mwanafizikia Stephen Hawking kuanzia 1979 hadi 2009. Katika hati ya mchango taja fani pana, kwa maana kigoda kilichofungwa kwenye mada finyu huweza kukaa wazi kwa kukosa mtu.

Kwa wanafunzi, linalopuuzwa mno ni wakati. Ufadhili unaotangazwa muhula ukiwa umeanza humsaidia aliyekwisha kufika, lakini haumvuti aliyekwenda kwingine. Sharti uandikwe ndani ya barua ya udahili, ukitaja miaka yote ya masomo pamoja na malazi na vitabu. Bilionea wa Marekani Michael Bloomberg alipokipa chuo alichosoma, Johns Hopkins, dola bilioni 1.8 mwaka 2018, fedha hizo zilikiwezesha kudahili wanafunzi wa shahada ya kwanza bila kutazama uwezo wa familia zao.

Wenye kipato cha kawaida wachangie kwa pamoja, mathalani waliohitimu mwaka mmoja, kwa makato ya kila mwezi benki. Kidogo kinachotabirika hukipa chuo ujasiri wa kuahidi kuliko kikubwa cha ghafla. Kisha dai taarifa ya kila mwaka inayoonyesha salio la mfuko, kiasi kilichotumika, na idadi ya waliopewa nafasi wakaikubali.