Kijarida cha Mkono Kinataka Jibu: Kusoma, Kuhakiki na Kuchangia

Kijarida cha mkono, yaani kile ambacho mtu hukiandika, hukipiga fotokopi na kukifunga mwenyewe, kikikufikia, usikimbilie kukisoma. Kigeuzegeuze kwanza. Angalia pini za stepla: zimepigwa pembeni, au ziko kwenye mkunjo wa katikati? Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi ya A4. Kama pini ziko mkunjoni, ama mtengenezaji ana stepla ya shingo ndefu, ama alifanya tunavyofanya wengi wetu: akaifungua stepla yote, akalaza karatasi juu ya kadibodi, akagonga pini ipenye, kisha akageuza upande wa pili na kuilaza miguu yake kwa ncha ya rula. Ukiona miguu hiyo imeelekea huku na huku, ujue ni kazi ya vidole, nakala moja baada ya nyingine. Mtu aliyekubali tabu hiyo hakuikubali ili umsome halafu unyamaze.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kijarida cha mkono, au zine kama wenyewe wanavyokiita, hakijasomwa mpaka kijibiwe. Na hilo sikulibuni mimi. Mwaka 1930 mashabiki wa hadithi za kisayansi walitoa huko Chicago The Comet, ambacho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake, na mwaka 1940 mmoja wao, Russ Chauvenet, akabuni jina fanzine. Katika vijarida vya mashabiki hao ilizoeleka kuandika kwamba nakala inapatikana "kwa njia ya kawaida". Njia hiyo ilikuwa na milango mitatu: mwandikie mhariri barua ya maoni, mpe kijarida chako mbadilishane, au mpelekee kitu cha kuchapisha. Hata pale pesa zilipopokelewa, jibu ndilo lililothaminiwa zaidi. Fotokopi ilipoenea, vijana wa muziki wa punk wakaanza kutoa vya kwao; Mark Perry alianza Sniffin' Glue London mwaka 1976, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wasichana wa riot grrrl, vuguvugu la kutetea wanawake ndani ya muziki huo huo wa punk, huko Marekani wakafanya hivyo hivyo. Karatasi na mashine zimebadilika, lakini milango mitatu ipo vilevile.

Sasa soma. Anza na ukurasa wa taarifa, ambao mara nyingi umejificha ndani ya jalada la mbele au la nyuma: jina, namba ya toleo, mwaka, namna ya kumpata mtengenezaji, na kama anaruhusu nakala zipigwe tena. Halafu soma chote kwa mkao mmoja, bila kalamu mkononi. Kalamu ikiwepo utaanza kusahihisha tahajia, na ukishaanza kusahihisha umeacha kusoma.

Raundi ya pili ndiyo ya macho. Tafuta kivuli chembamba cheusi pembeni mwa kipande cha maandishi: hapo karatasi ilibandikwa kwa gundi juu ya nyingine, na mashine ikanasa unene wa ukingo wake. Wengine huvifuta vivuli hivyo kwa rangi nyeupe ya kusahihishia, wengine huviacha makusudi ili msomaji aone mkono ulipopita. Uamuzi huo ni sehemu ya kijarida kama ilivyo sentensi ya kwanza.

Ukihisi habari imeruka, hesabu kurasa kabla ya kumlaumu mwandishi. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara moja hutoa kurasa nne za A5, hivyo kijarida cha pini mkunjoni huwa na kurasa 8, 12, 16 na kuendelea kwa nne nne. Katika cha kurasa 16, namba mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi zikijumlishwa hutoa 17: ukurasa wa 1 na wa 16, wa 2 na wa 15, hadi wa 8 na wa 9 katikati. Ukikuta wa 11 baada ya wa 6, karatasi zilipangwa vibaya. Mwambie mtengenezaji, atashukuru, na huenda nakala nyingine zilizobaki mezani kwake zina kasoro ileile.

Kuhusu kutunza, machache tu: usitumie selotepu, maana hugeuka manjano na kuacha gundi, na usiweke fotokopi kwenye mifuko ya plastiki ya PVC, maana wino wake hugandia humo. Bahasha ya karatasi inatosha.

Uhakiki, yaani maoni unayoyatoa mbele ya wasomaji wote, ndio mlango ninaopitia mimi mara nyingi, na ndio unaoharibiwa zaidi kwa wema. Watu hudhani kwa kuwa kitu kimetengenezwa kwa mkono basi kazi yao ni kukivika kilemba cha ukoka. Tazama huu:

"Kijarida kizuri sana, michoro inavutia, mwandishi ana kipaji. Kipate nakala yako!"

Nimesoma nini hapo? Sijui ukubwa, sijui kinahusu nini, sijui nikipateje. Sasa huu, wa kijarida nilichokihakiki mwenyewe, kwa ufupi:

"Kurasa 12 za A6, fotokopi nyeusi kwenye karatasi ya kijani. Mwandishi hasikii kwa sikio la kushoto, na amechora ramani ya kila chumba anachoingia, akitia alama kiti atakachokalia na kwa nini. Ramani ya basi, ukurasa wa 7, ndiyo bora: viti vyote vimefutwa isipokuwa kimoja. Mashairi mawili ya mwisho yanarudia yaliyokwisha kusemwa na ramani. Anabadilishana, mwandikie kwa anwani iliyo jaladani."

Maneno hayafiki 60. Mtu asiyependa ramani amejua apite, na mwenye ndugu asiyesikia amejua aagize. Mike Gunderloy alipoanzisha kijarida chake Factsheet Five huko Marekani mwaka 1982, alijaza kurasa kwa mapitio mafupi ya namna hiyo, kila moja na anwani yake, na kwa miaka mingi watengenezaji wasiojuana walipatana kupitia humo. Anwani ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Hata ukikiponda kijarida, weka njia ya kukipata.

Kuponda kunaruhusiwa, ila upime kwa kipimo chake. Herufi zilizopinda si kosa. Picha ya kijivu iliyopita juu ya maandishi hadi hayasomeki ni kosa, kwa sababu mwandishi alitaka yasomwe. Liseme bila kumumunya maneno, na utaje ukurasa. Usitoe nyota. Nyota tatu za kijarida cha mtu mmoja kuhusu msiba wake ni za kupimia nini hasa? Kama mtengenezaji ni rafiki yako, sema. Kama ulichosoma ni nakala ya skani na hukushika karatasi, sema hilo pia.

Na kabla ya kurusha mtandaoni picha ya ukurasa wa ndani, omba ruhusa. Nalisisitiza kwa sababu watu wema hulikosea. Mtu anaweza kuandika ugonjwa wake au ndoa yake iliyovunjika akijua nakala 40 zitapita mkono kwa mkono. Hakukubali jina lake litafutwe na mwajiri. Wakutubi wanaotunza vijarida hivi waliandaa kanuni zao za maadili mwaka 2015, na suala la ridhaa na faragha limo. Jalada kwa kawaida halina shida. Jina halisi la mtu anayetumia jina la kubuni usilitaje kamwe, hata kama mmekula naye.

Mlango wa tatu ni kuchangia. Soma walau toleo moja kabla hujatuma chochote. Wahariri humtambua mara moja asiyesoma. Kisha soma tangazo lao neno kwa neno: mada, tarehe ya mwisho, ukubwa, rangi. Ukurasa wa A5 wenye herufi za ukubwa wa 11 huchukua takriban maneno 250 hadi 300, kwa hiyo ukiambiwa kurasa mbili usipeleke maneno 1,500 ukitumaini kuhurumiwa. Mhariri hawezi kuongeza ukurasa mmoja. Ni lazima aongeze nne.

Ukichora, tumia wino mweusi. Penseli hufifia kwenye fotokopi. Mchoro wa A4 ukipunguzwa kuwa A5 hushuka hadi asilimia 71, na mistari myembamba ndiyo hupotea kwanza, basi inenepeshe tangu mwanzo. Acha pembezoni milimita 10 kila upande, kwani mashine nyingi hazichapi hadi ukingoni na mkunjo nao hula sehemu yake. Skani michoro ya mistari kwa dpi 600 (nukta kwa inchi), picha kwa 300. Kama wanachapa kwa risografu, ile mashine ya Kijapani inayopitisha rangi moja moja, kila rangi huandaliwa kama faili lake jeusi. Uliza kabla, usiwatumie tu picha ya rangi zote pamoja.

Malipo mara nyingi ni nakala ya toleo lenyewe. Haki ya kazi kwa kawaida hubaki kwako, lakini uliza, na uliza pia kama watahariri bila kukuonyesha. Jina utakalotumia liamue kabla ya kutuma: karatasi ikishatoka haifutiki.

Kama huna cha kuchangia lakini unataka kubadilishana, tengeneza cha karatasi moja. Chukua A4, ikunje nusu mara tatu, ifungue: una vyumba vinane. Ikunje tena upana ukutane na upana, kisha kata kwa mkasi kuanzia kwenye mkunjo, kufuata mstari wa kati, hadi mkunjo unaofuata tu. Fungua, ikunje kwa urefu, sukuma ncha mbili zikaribiane; tundu la katikati litafunguka, na kurasa zitajipanga kuwa msalaba. Zizungushe upande mmoja uzibane. Kurasa nane, bila pini. Ukiifungua tena na kuilaza, safu ya chini kutoka kushoto ni 6, 7, 8, 1. Ya juu ni 5, 4, 3, 2, nazo zimepinduka kichwa chini. Mimi huikunja tupu kwanza, nikaandika namba kwa penseli, ndipo nikaifungua na kujaza.

Ukituma kwa posta, tia kadibodi ndani ya bahasha na barua yako ya maoni, hata ya mistari mitano. Taja ukurasa uliokukaa moyoni. Halafu subiri. Matoleo haya huchelewa; miezi mitatu si ajabu. Ukilazimika kuulizia, ulizia mara moja, utaje jina la kazi yako na tarehe uliyoituma, maana anayejibu barua ndiye huyohuyo anayekunja, anayegonga pini na anayelamba stempu.